Mwenyekiti tulimchagua, ameapishwa, simu haishiki: ahadi ya kalvati tunaidai vipi?

MamaMukene

Mulembe wote humu. Naomba ushauri, si matusi, maana mada kama hizi najua huwa zinaishia wapi.

Mimi nauza mukene, dagaa wakavu wa ziwani. Nauchukua mwalo wa Majanji, nauza Busia mjini, upande wa Uganda, na wateja wa ng'ambo Kenya huja kununua kwa gunia. Kutoka kijijini kwetu hadi barabara kubwa tuna njia ya moramu, na katikati kuna kijito ambacho kalvati lake lilivunjika zamani. Mvua ikinyesha boda anakushusha pale, unavua viatu, gunia kichwani, unaomba Mungu. Mukene ukishaloa umekuwa chakula cha kuku. Mnunuzi anachukua mmoja anauvunja kwa vidole mbele yako, usipolia "ka!" anarudisha pesa mfukoni na kwenda kwa jirani.

Wakati wa kampeni, yule ambaye sasa ni mwenyekiti wetu wa LC3, yaani wa gombolola (kata), alikuja akasimama juu ya lile kalvati. Sisemi karibu nalo, nasema juu yake. Akaligonga kwa kisigino akasema, "Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza." Tulipiga vigelegele, na mimi nikiwemo. Akaongeza dawa kituo cha afya na kisima cha pampu shuleni. Mwanzoni mwa mwaka tukapiga kura, Mei wakaapishwa. Sasa ni Septemba, mvua za pili zimeanza, na simu yake haishiki. Juzi nilimwona matangani. Alitoa laki mbili za jeneza, watu wakampigia makofi, akaingia garini kabla sijamfikia. Mwenzangu wa sokoni akaniambia, "Muache kwanza alipe madeni ya kampeni."

Basi nauliza. Kumpa muda ni haki, na ni muda gani? Halafu mtu wa kawaida anaanzia wapi kumdai bila kuitwa mpinzani? Mimi sina chama, nina mukene.

StejiSofia

Dada, jibu kwanza: sabuni mlipokea? Kama mlipokea sabuni na chumvi, kwa hesabu zake mmeshalipwa na deni limekwisha. Sisi hapa steji tulipewa mafuta ya kuendesha msafara, lita mbili mbili, na viakisi mwanga vyenye picha yake. Hatudai kitu. Subiri miaka mitano, atakuja tena kusimama juu ya kalvati hilo hilo.

MamaMukene

Sabuni ilipokelewa, tena ya wagombea wote, na iliisha kabla ya siku ya kura. Kalvati bado limevunjika. Mwingine?

MwalimuMstaafu

Binti yangu, nimefundisha shule za msingi tangu ujana hadi kustaafu, kisha nikawa kansala (diwani) wa gombolola kwa kipindi kimoja. Nimekaa pande zote mbili za meza, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kabla ya kumtafuta mtu, tafuta barabara hiyo ni ya nani. Ziko barabara za taifa, ambazo siku hizi ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi baada ya UNRA, ile mamlaka ya barabara, kuvunjwa. Ziko za wilaya. Ziko za miji. Halafu ziko njia za jamii, hizi za kutoka kijiji hadi kijiji, ambazo ni mzigo wa gombolola. Kama njia yenu ni ya jamii, mwenyekiti wako aliahidi kitu kilicho mkononi mwake, na una kila sababu ya kumng'ang'ania. Kama ni ya wilaya, aliahidi pesa iliyo mfukoni mwa mtu mwingine, na wa kumkaba ni kansala wenu wa LC5, yaani wa wilaya. Gombolola yenu inawakilishwa kwenye baraza la wilaya, na wanawake wana makansala wao huko. Hebu niambie jina la kansala wenu wa wilaya bila kuuliza mtu. Ndiyo hiyo. Watu wanajua jina la mbunge na la rais, lakini huyu anayekaa kwenye kikao kinachogawa pesa za barabara za wilaya hawamjui, naye amefurahi kutojulikana.

Sasa hilo la muda. Walioapishwa Mei hawakutengeneza bajeti inayotumika sasa. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na sheria inataka baraza liwe limepitisha bajeti kabla Mei haijaisha. Maana yake bajeti hii ni ya wale waliokuwa wanafungasha. Akikuambia mwaka huu hakuna pesa ya kalvati, inawezekana hasemi uongo. Lakini ndani ya ukweli huo ndimo wanamojificha, maana watu wanakubali, wanakwenda nyumbani kungoja, na hakuna anayeuliza bajeti ijayo inatengenezwa lini. Inatengenezwa sasa hivi! Mikutano ya bajeti ya wilaya na gombolola huwa Oktoba na Novemba. Vijiji vinapeleka mahitaji kwenye muluka, ngazi iliyo kati ya kijiji na gombolola, muluka unapeleka gombolola, gombolola inapeleka wilayani. Kufikia Aprili rasimu iko mezani na mlango umebaki upenyo. Ukienda Juni kulalamika, utapewa soda na pole.

Kuna na karatasi ya pili, mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Mpango wa nne wa taifa ni wa 2025/26 hadi 2029/30, na wilaya na magombolola yote yanatakiwa kuwa na mpango wao unaofuata huo. Muulize chifu wa gombolola akuonyeshe ukurasa ambao kalvati lenu limeandikwa. Kama halimo humo wala halimo kwenye bajeti, yale maneno ya juu ya kalvati yalikuwa hotuba tu.

Na laki mbili za jeneza. Hapa nitasema jambo ambalo wengi hawatalipenda. Nilipokuwa kansala nilikuwa naamka nakuta watu kwenye benchi langu kabla jua halijatoka. Huyu karo, yule mafuta ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Masafu, mwingine matanga, mwingine harusi ya binti. Mkono mtupu haulambwi, wananiambia, wakicheka. Kwa miaka yote ile hakuna hata mtu mmoja aliyenijia kuuliza kwenye kikao cha baraza nilisema nini au niliunyooshea mkono uamuzi gani. Ningeweza kulala usingizi katika kila kikao, na pengine ningechaguliwa tena kama ningekuwa na pesa za majeneza. Nilikosa pesa hizo, nikaanguka. Aliyenishinda alikuwa na gari la kubebea maiti.

Laki mbili ni bei ndogo mno kwake. Amenunua kimya cha ukoo mzima, maana nani atasimama kumuuliza habari ya kalvati mtu aliyemzikia baba?

KijanaWaNtinda

Mwalimu heshima yako, lakini mambo ya mikutano na karatasi ni ya zamani. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, yule mhadhiri na mchora katuni, aliwaambia watu wapige picha mashimo ya barabara za Kampala wayatupie mtandaoni. Watu wakapiga picha watoto wakivua samaki kwenye shimo, wakapanda migomba katikati ya lami. Haikuchukua muda rais akaagiza KCCA, mamlaka ya jiji, wapewe bilioni 6. Piga picha kalvati, weka jina lake, tusambaze.

MwalimuMstaafu

Kijana, niliyafurahia maonyesho yale ya mashimo, nilicheka mpaka machozi. Lakini shimo la Kampala waziri analipita asubuhi akienda kazini, na balozi wa nje analipita. Kalvati la MamaMukene linapitwa na MamaMukene. Apige picha, ndiyo, tena aweke na tarehe. Ila picha hiyo aiambatanishe na barua, isibaki kwenye simu za watu wa Ntinda huko Kampala wanaocheka na kusogeza kidole.

JiraniNgambo

Nawasalimu kutoka Busia ya upande wa pili. Kwetu mbunge ana mfuko wa CDF, pesa za maendeleo ya jimbo: basari, madarasa, vituo vya chifu. Ukimdai unajua unadai shilingi gani. Ninyi kwa nini hammuulizi mbunge wenu CDF yake imekwenda wapi? Pia Katiba yetu kifungu cha 104 inaruhusu kumwita mbunge arudi nyumbani kabla ya muda. Mrudisheni basi.

MwalimuMstaafu

Jirani, wewe na redio zenu ndio mnaotuchanganyia wapiga kura! Watu wa Busia hii wanasikiliza stesheni za huko, wanasikia basari na CDF, kesho wanamwendea mbunge wetu wakidhani naye anao. Zamani wabunge wetu walipewa milioni 10 kwa jimbo, ikawa kelele tupu kuhusu hesabu zake, ikafutwa. Leo mbunge wa Uganda hana mfuko wa kujengea daraja. Kazi yake ni sheria, kupitisha bajeti ya nchi, na kuwahoji mawaziri. Akikujengea daraja, muulize pesa kaitoa wapi.

Kurudisha mbunge nyumbani: Katiba yetu ya 1995 inalo, kifungu cha 84, lakini kimefungwa kwa maneno kwamba haki hiyo ipo tu nchi ikiwa chini ya mfumo wa Movement, ule wa siasa bila vyama. Tuliporudi kwenye vyama vingi baada ya kura ya maoni ya 2005, kikabaki maandishi. Na ninyi mlio na kifungu cha 104, hebu nitajie mbunge mmoja aliyewahi kurudishwa.

Mwenyekiti wa LC3 anaweza kuondolewa na baraza lake kwa theluthi mbili ya kura, lakini kwa makosa kama rushwa au kutumia cheo vibaya. Kalvati lililovunjika halimo.

JiraniNgambo

Mwalimu umenishika. Hakuna hata mmoja. Tunakuja kununua mukene tu.

NesiWaKijijini

Niseme kidogo la dawa, maana hapo mama ameahidiwa hewa. Dawa za kituo cha afya hazitoki kwa mwenyekiti wa LC3. Zinaletwa na National Medical Stores kila baada ya miezi miwili, na kituo cha ngazi ya III kwa miaka mingi kimekuwa kikipokea kifurushi kilichopangwa tayari. Malaria ikipanda, dawa zinaisha kabla ya gari kurudi, na sisi ndio tunaotukanwa dirishani.

Lakini kuna swali ambalo mwenyekiti hawezi kulikwepa. Kila kituo kinatakiwa kuwa na kamati ya wananchi ya kukisimamia. Muulizeni: kamati yetu ni akina nani, na imekaa lini mara ya mwisho? Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo maboksi yalifunguliwa mbele ya mjumbe wa kamati, mama mmoja mkulima, mkali kama pilipili. Alikuwa anahesabu kopo kwa kopo na kuandika kwenye daftari la mwanawe la hesabu. Dawa bado zilikuwa zinaisha, sidanganyi. Ila zilipoisha kijiji kilijua zimeisha, na hakuna aliyesema nesi ameziuza. Nami nililala vizuri.

MamaMukene

Asanteni sana. Mwalimu, nilifanya kama ulivyosema, nikapita gombolola baada ya soko. Ubao wa matangazo upo. Kuna tangazo la chanjo ya ng'ombe la mwaka juzi, orodha ya watu wa PDM (ule mpango wa serikali wa kukopesha pesa kwenye miluka) iliyochanika nusu, na kalenda ya kanisa. Habari za pesa za robo mwaka hakuna. Karani alikuwa mpole. Aliniambia njia yetu ni ya jamii, kwa hiyo ni ya gombolola. Nilipomwomba kuiona bajeti akaniuliza, "Umetumwa na nani?" Nikasema nimetumwa na mukene. Akacheka lakini karatasi hakunipa.

Na nyumbani mume wangu hataki niweke jina langu kwenye barua. Anasema mwenyekiti anajivunia kwamba PDM yeye ndiye aliyeileta, na anayemsumbua ataondolewa kwenye orodha.

MwalimuMstaafu

PDM ilizinduliwa Kibuku Februari 2022, yeye akiwa bado anauza simenti. Ni shilingi milioni 100 kwa kila muluka kwa mwaka, zinatoka hazina ya taifa na kupitia SACCO ya muluka. Aliyewatisha nayo anawatisha na mali yenu. Lakini mumeo ana haki ya kuogopa, simdharau. Tusijidanganye kwamba nchi hii mtu akiuliza swali anapewa kiti na chai. Kwa hiyo usiandike peke yako.

Sheria ya serikali za mitaa ya 1997 inasema baraza la kijiji ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wale kumi wa LC1, viongozi wa kijiji, ni kamati tu, wanatekeleza. Baraza ni ninyi. Ombeni kikao cha kijiji, ajenda moja, kalvati. Katibu aandike mukhtasari, watu waweke sahihi na dole gumba, mwenyekiti wa LC1 apige muhuri. Hapo barua si ya MamaMukene tena, ni ya kijiji, na kijiji hakitolewi kwenye orodha. LC1 wenu atasita kidogo. Lakini mkumbushe kwamba 2018 tulichagua LC1 kwa kupanga mstari, kila mtu akionekana anasimama nyuma ya nani, na hakuna aliyekufa.

Muulizeni na yeye swali. Katika mapato yanayobaki kwenye gombolola, ushuru wa soko ukiwemo, asilimia 25 inatakiwa kurudi kwa vijiji. Hicho kitikiti unachokatiwa kila siku ya soko, sehemu yake ni ya kijiji chako. Imefika lini?

Hilo la "umetumwa na nani", usigombane na karani. Katiba kifungu cha 41 na Sheria ya Kupata Habari ya 2005 zinakupa haki ya kuomba karatasi iliyo mikononi mwa serikali, na wana siku 21 za kujibu. Huhitaji kusema unaitakia nini. Na kifungu cha 17 kinafanya kupambana na rushwa na upotevu wa mali ya umma kuwa wajibu wa raia. Kwa hiyo umetumwa na Katiba, ila usimjibu hivyo kwa kiburi, atakuzungusha hadi Krismasi.

Msidhani karatasi ni kitu kidogo. Kati ya 1991 na 1995 serikali ilikuwa inapeleka pesa za matumizi ya shule za msingi, na uchunguzi ulipofanywa ikaonekana kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu zilizofika shuleni. Nilikuwa darasani miaka hiyo. Tulikuwa tunachanga chaki kwa wazazi, tukidhani serikali haijatuma kitu. Hatukujua kwamba kulikuwa na pesa! Baada ya hapo serikali ikaanza kutangaza magazetini na kwenye redio kila wilaya imepelekewa kiasi gani, na shule zikatakiwa kubandika ukutani zilichopokea. Mzazi asiyesoma alikuwa anakuja na mtoto wake amsomee namba. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ya pesa zilikuwa zinafika. Magazeti hayakufanya yote, kulikuwa na mambo mengine ndani yake, lakini nilimwona mwalimu mkuu wangu akibandika karatasi ile huku mkono unatetemeka. Zamani hakuwa anatetemeka.

Haya, andikeni hivi, fupi, bila matusi na bila kusifu:

"Kwa Ofisa Mkuu wa Utawala wa Wilaya (CAO), kupitia kwa chifu wa gombolola. Nakala: mwenyekiti LC3, kansala wetu wa LC5. Sisi wakazi wa kijiji tulikaa kikao tarehe fulani, watu kadhaa wakahudhuria, mukhtasari umeambatanishwa. Tunaomba, kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2005: bajeti ya gombolola ya mwaka huu wa fedha, sehemu ya barabara, ukurasa wa mpango wa miaka mitano unaotaja njia yetu, na tarehe na mahali pa mkutano wa bajeti ya mwaka ujao. Tunaomba kalvati la kijito liingizwe katika bajeti hiyo. Picha zimeambatanishwa."

Toeni nakala mbili. Moja wapokee, ya pili wagonge muhuri wa kupokea mrudi nayo. Muhuri wa kupokea ndio shahidi wenu, bila huo hamkuandika kitu.

StejiSofia

Mwalimu, mimi nitawapeleka gombolola bure siku hiyo. Boda tatu zinatosha? Lakini viakisi vya picha yake tunavivua kwanza.

MamaMukene

Zinatosha, Mungu akubariki. Kikao tumekiomba Jumapili baada ya misa na baada ya wale wanaosali Jumamosi kupumzika, ili asikose mtu. Mwenyekiti wa LC1 amekubali, ila amesema muhuri wake ni shilingi elfu tano. Mwalimu, hiyo nayo iko kwenye sheria?

MwalimuMstaafu

Mlipeni, na mumwombe risiti mbele ya kikao.